Picha Isiyofunguka

Ijumaa asubuhi, saa mbili na robo, Inspekta Paskalia alimtoa Abdulnasiri mahabusu, akampandisha kwenye Landrova ya polisi na kumrudisha kazini kwake akiwa na pingu mkononi.

Kazini kwake ni Redio Uwanda, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoko nyuma ya maghala ya nafaka. Abdulnasiri ndiye fundi wa kompyuta pale, na tovuti ya redio aliitengeneza yeye mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba. Tangu akamatwe jana hakuwa ametia kitu kinywani.

"Hata chai hukunywa?" Paskalia alimuuliza.

"Haipiti, afande."

Yaliyomfikisha hapo, mji mzima ulikuwa unayajua. Jumatano, saa sita na nusu mchana, redio ilisoma tanzia ya kijana Amiri Bakari wa Chang'ombe. Mama yake, Bi Mwajabu, alikuwa uani anapepeta mchele, redio ya betri iko pembeni yake. Aliposikia jina la mwanawe alisimama, ungo ukiwa bado mikononi, akaanguka kifudifudi. Majirani walipomgeuza alikuwa ameshakata roho. Dakika chache baadaye Amiri aliingia mbio na begi begani, mzima, hana hata mkwaruzo. Jirani mmoja alizimia. Mwingine alimpiga kwa mwiko, akidhani anafukuza mzimu.

Tangazo lile hakuna aliyelipeleka dirishani. Redio ilikuwa na utaratibu wake: anayeleta tanzia mkononi awe na barua ya mwenyekiti wa mtaa, inayoletwa kwa tovuti lazima fundi apige simu kwa wahusika, kisha aiwekee alama ya kuthibitishwa. Bila alama hiyo haisomwi. Tanzia ya Amiri ilikuwa na alama, na neno la siri la kuweka alama lilijulikana na mtu mmoja tu katika jengo zima. Mkuu wa upelelezi hakuona sababu ya kutafuta zaidi. Alimpa Paskalia hadi saa tisa alasiri. Baada ya hapo Abdulnasiri angefikishwa kwa hakimu kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Walimkalisha mbele ya kompyuta katika chumba kidogo chenye joto. Koplo Nikodemo alimfungua pingu, akasimama mlangoni mikono kifuani.

"Ukigusa kitu cha kufuta, nami nakugusa," alisema Nikodemo.

"Sifuti kitu, kaka. Naogopa hata kugusa."

"Nionyeshe kila kilichoingia Jumatano," alisema Paskalia. "Na unieleze kama unavyomweleza mama yako."

Abdulnasiri alionyesha sanduku la chuma lililokuwa linavuma chini ya meza. "Hii ndiyo seva, tovuti inakaa humu. Kila anayebisha hodi anaandikwa. Saa aliyokuja, anwani ya kompyuta aliyotokea, na alichoomba." Alifungua orodha ndefu ya maandishi madogo, akaishusha kwa kidole. Kidole kikasimama. "Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kuna picha imepakiwa kwenye ukurasa wa tanzia."

"Picha ya nani?"

"Sijui. Siku ile sikuiona." Aliibonyeza. Kikatokea kisanduku cheupe chenye alama nyekundu kwenye kona. Akaibonyeza tena, ikawa vilevile.

"Imeharibika," alisema Nikodemo.

"Ingekuwa imeharibika, mtu angejaribu mara moja akaiacha. Hii imeitwa mara tano ndani ya dakika tatu." Abdulnasiri alisogeza uso karibu na kioo. "Picha ukiiita inakuja tu, afande. Haifanyi kazi yoyote. Hii kila ikiitwa, kuna kitu kinaandikwa kwenye orodha ya tanzia."

Aliifungua kwa njia nyingine, ile ya kusoma maandishi. Badala ya sura ya mtu ikatokea mistari ya amri, mmoja chini ya mwingine, kama ishirini hivi. Abdulnasiri aliisoma midomo ikicheza, kisha akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Ya Rabi! Hii siyo picha."

"Ni nini?"

"Ni programu. Imeingia kwa mlango wa picha. Seva ikaitekeleza kama vile nimeiandika mimi. Angalia huu mstari: weka tanzia mpya. Na huu: weka alama ya kuthibitishwa." Aligeuka, macho yamemtoka. "Hakuhitaji neno langu la siri. Alishakuwa ndani."

Nikodemo aliishusha mikono yake.

"Mlango wa picha unapokea chochote?" Paskalia aliuliza.

Kijana aliisukuma kibodi kando.

"Ulikuwa haupokei. Niliuwekea masharti. Faili lisilo picha ya aina niliyoitaja linarudishwa, na maneno mekundu yanatokea: faili hili haliruhusiwi. Mwezi wa pili akaja mzee mmoja kutoka vijiji vya Chemba. Amefiwa na mtoto. Studio iliyomsafishia picha iliitoa kwa aina nyingine, akaenda kwenye kompyuta za watu mara tatu, na mara tatu ukurasa ukamkataa. Akapanda lori mpaka hapa. Alisimama palepale aliposimama koplo, akasema, 'Hata mashine yenu inamkataa mwanangu.' Akalia." Abdulnasiri alifuta uso kwa kiganja. "Mfiwa unamkataliaje mlangoni, afande? Siku ileile niliyaondoa masharti yote. Nikasema nitayarudisha kwa utulivu, niongeze aina nyingine za picha."

"Hukurudisha."

"Sikurudisha. Na chumba cha kuwekea picha ndani ya seva nilikiacha programu ziweze kufanya kazi ndani yake. Hilo nalo ni langu. Sikuwaza kwamba mtu anaweza kujifanya mfiwa."

Paskalia aliyaandika yote kwenye daftari. Msiba wa baba yake, kule Farkwa, ulisomwa na redio hiihii, na yeye hakuulizwa swali hata moja dirishani. Hilo hakuliandika.

"Anwani aliyotokea ni ya wapi?"

Abdulnasiri aliikariri bila kutazama, kwa maana alikuwa anaiona mara nyingi. "Kafe ya intaneti ya Bi Mwantum, karibu na soko. Wafiwa wengi wanatumia pale." Akasita. "Afande, pale ndipo Amiri anapofanya kazi."

"Mtu ana roho ya chuma," alisema Nikodemo. "Anakwenda kumzushia mtu kifo mezani kwake!"

Mtangazaji aliyeisoma tanzia, Bi Sikudhani, alikuwa amekaa studio na macho mekundu. Alisimama alipomwona inspekta, akampa karatasi kabla hajaombwa.

"Hii hapa. Nimeisoma mara mia tangu juzi. Sauti yangu ndiyo iliyomuua yule mama."

"Kwa nini mchana, Bi Sikudhani? Nyumbani kwangu tanzia tunazisikia saa mbili usiku."

"Ni mgao wa umeme, mwanangu. Jumatano asubuhi walitubadilishia ratiba, tukaambiwa upande huu utakatwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, na jenereta letu bovu. Tukazisogeza tanzia saa sita na nusu. Tulitangaza mara moja tu, saa tatu asubuhi."

Paskalia alisoma karatasi akiwa amesimama.

*Familia ya marehemu Mzee Bakari Mrisho ya Chang'ombe, Dodoma, inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao Amiri Bakari, kilichotokea juzi kwa ajali ya gari huko Kondoa. Mazishi yamekwisha fanyika hukohuko. Habari ziwafikie Bwana Suleiman Athumani wa Chemba, na Bwana Swalihu Omari wa Kizota, pamoja na ndugu na jamaa wote popote walipo.*

"Kuna kitu kilikukera ulipoisoma?"

"Kimoja. Tanzia zetu huanza na mzazi aliye hai. Fulani anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe. Hii inaanza na baba aliyekufa miaka minane. Nikadhani ni haraka ya msiba, wafiwa hawaandiki vizuri." Alimshika Paskalia mkono. "Tumrudishe yule kijana kwao, mwanangu. Hajui hata kukanyaga sisimizi."

Swalihu Omari, mchomeleaji wa vyuma, hakuwa mgeni katika mafaili ya polisi. Mwezi wa tano pikipiki ilimgonga binti yake Salha, mtoto wa miaka saba, kando ya barabara ya Kizota, akafa kabla ya kufika hospitali. Mwendeshaji alikuwa Amiri Bakari. Alikuwa nje kwa dhamana, na kesi ilipangwa kusikilizwa Jumatatu inayokuja. Walimrudisha Abdulnasiri mahabusu, wakaelekea kwa Swalihu.

"Ndiye huyu," alisema Nikodemo akikata kona kuingia kwenye vumbi la Kizota. "Umeniulia mwanangu, nami nakuulia mama yako. Hesabu imekwisha. Tumfunge, nikale ugali wangu."

"Na programu aliiandika kwa kuchomelea?"

"Akodishe mtu. Siku hizi watu wapo."

Karakana ya Swalihu ilikuwa kimya kwa sababu umeme ulikuwa umekatwa. Mageti yaliyokatika nusu yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mwenyewe alikaa juu ya kreti, anasugua bawaba kwa msasa. Alikuwa amepita hamsini, nywele zimeshika mvi na masizi kwa pamoja.

"Shikamoo, mzee Swalihu."

"Marahaba. Nilijua mtakuja. Hata ningekuwa mimi polisi ningekuja kwangu kwanza."

"Jumatano saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Umeme ulikuwepo. Nilikuwa na wateja wanne, ukitaka majina nikupe. Na kabla hujaniuliza la pili, kompyuta nimeiona kwa macho. Sijaigusa. Nimesoma mpaka darasa la nne."

"Tangazo ulilisikia?"

"Nililisikia pamoja na jina langu ndani yake!" Aliitupa bawaba chini. "Habari zimfikie Swalihu Omari wa Kizota. Mimi! Ninahusika nini na msiba wa yule? Watu wote hapa waligeuka kunitazama. Nikazima mashine, nikakaa hapa hapa, nikalia."

Nikodemo alikohoa. "Ulimlilia aliyekuulia mtoto?"

"Wewe bwana mdogo una mtoto?"

"Wawili."

"Basi nisikilize. Yule kijana tangu siku ile hajanijia kuniambia hata pole. Mahakamani anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa naingojea Jumatatu, asimame, aulizwe, aseme kwa kinywa chake alivyomgonga Salha. Siku hiyo tu. Nikasikia amekufa, na ameshazikwa. Nililia kwa sababu Jumatatu yangu ilikuwa imekwenda." Alimgeukia Paskalia. "Nikamzushie kifo ili iweje, mama? Mimi ndiye niliyekuwa namhitaji hai kuliko mtu yeyote mji huu."

Paskalia alifunga daftari polepole. Aliondoka bila kuuliza majina ya wale wateja wanne.

Kafe ya Bi Mwantum ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita na mashine ya kusafishia picha. Mwenyewe alikuwa kaunta, mwanamke mnene mwenye mtandio wa kijani. Aliwakaribisha viti kabla ya salamu kuisha.

"Poleni na kazi. Msiba ule umetuvunja miguu. Kijana wangu hata sijui atarudi lini."

"Tunaomba daftari la wateja la Jumatano."

Aliwapa. Paskalia alifunua. Jumanne ilijaa ukurasa mzima. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa Alhamisi.

"Jumatano iko wapi?"

"Jumatano nilifunga. Nilimpeleka mama yangu hospitali kuangaliwa macho, na Amiri alikuwa ameaga tangu Jumatatu, kasema anakwenda Kondoa mara moja. Nani angefungua?"

Nikodemo alimtazama inspekta. Inspekta hakuinua macho kwenye daftari.

"Bi Mwantum, saa nne asubuhi Jumatano kompyuta mojawapo humu ilikuwa inafanya kazi. Redio wana kumbukumbu yake."

"Humu?" Mwanamke alisimama, akakiangalia chumba chake kama kimeingiliwa na nyoka. "Haiwezekani. Kufuli lilikuwa zima. Alhamisi nimelikuta zima!"

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu huu hapa, shingoni." Alivuta kamba kutoka ndani ya gauni. "Na mwingine..." Akakaa tena. "Hapana. Yeye alikuwa Kondoa. Yeye ndiye aliyezushiwa!"

"Wewe unaweza kutengeneza ukurasa wa tovuti?"

"Mimi najua kuwasha na kuzima. Anayetengeneza ni yeye. Alikuwa ananitengenezea wa kafe. Mwezi uliopita alicheka akiwa hapo ulipo, akasema kwa bahati mbaya ameupeleka ukurasa wangu kwenye tanzia badala ya picha ya marehemu, na ukafunguka huko huko redioni kama vile ni kwao." Bi Mwantum alijiziba mdomo kwa mtandio. Kwa nyuma ya mtandio sauti ikatoka ndogo: "Tulicheka, jamani. Tulicheka wote wawili."

Ndani ya Landrova Paskalia aliitandaza tanzia juu ya paja. Nikodemo hakuwasha gari.

"Nikodemo. Ukitaka kumchoma roho mama wa mtu kwa tangazo la redio, jina la nani unaliweka mbele?"

"La mama mwenyewe. Bi Mwajabu anasikitika kutangaza."

"Hapa hayupo. Kaanzwa baba aliyekufa ili yeye asitajwe."

"Labda kwa kuwa yuko nyumbani. Wanaotajwa mwishoni ni wa mbali, wapate habari."

"Kizota ni mbali?"

Nikodemo aliisogelea karatasi, akaisoma upya.

Paskalia alitoa simu, akapiga namba aliyokuwa ameiandika tangu jana kutoka kwenye hati ya dhamana. Mtu wa Chemba alipokea kwa sauti kubwa, ya mtu anayeongea akiwa kwenye upepo.

"Mzee Suleiman Athumani? Shikamoo. Ni polisi, Dodoma."

"Marahaba. Tumeshapata habari zote, mama. Ya kwanza na ya pili. Sijalala. Namfikiria dada yangu tu."

"Pole sana, mzee. Nina maswali mawili. Amiri wiki hii alifika kwako? Au kwa yeyote upande wa Kondoa?"

"Amiri? Sijamtia machoni wiki tatu. Na Kondoa hana mtu, sisi wote tuko Chemba."

"La pili. Wewe ndiye uliyemdhamini. Aliwahi kuzungumza nawe habari za dhamana?"

Simu ilipiga mluzi wa upepo. "Aliniuliza siku ile alipokuja. Akasema, 'Mjomba, mshtakiwa akifa, wewe mdhamini inakuwaje?' Nikamwambia niliyoambiwa na karani. Mdhamini anatoa taarifa, kesi inafungwa, basi. Nikamkaripia. Nikamwambia kijana mdogo usijitabirie." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Mama polisi, kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Nitakupigia, mzee."

Ilikuwa saa saba kasorobo. Nikodemo alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, gari halijawashwa.

"Amewatangazia wawili," alisema. "Mdhamini na mwenye kesi. Na ameshajizika, asitafutwe. Mungu wangu! Afande, mimi jana nilimpa mkono wa pole."

"Hata mimi," alisema Paskalia. "Twende Chang'ombe."

Msibani watu walikuwa wametoka swala ya Ijumaa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, kanzu zikipigwa na upepo wa kipupwe, wanangojea kisomo cha siku ya tatu. Paskalia alivua viatu, akatoa pole, akapokea pole. Alimwomba Amiri maneno mawili faragha. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa polisi walikuwa wanakuja kila siku.

Walikaa chumba cha uani, kile cha kuwekea mkaa na mahindi. Amiri alikuwa na miaka ishirini na minne. Macho yake yalikuwa yamevimba kweli, na ndevu za siku tatu.

"Amiri, kuanzia sasa utakayoyasema yataandikwa, na yanaweza kutumiwa mahakamani. Hulazimiki kusema. Umenielewa?"

Aliitikia kwa kichwa, kisha akamtazama Nikodemo aliyeziba mlango.

"Kondoa ulifikia kwa nani?"

"Kwa rafiki."

"Jina lake."

"Ni... tulisoma wote."

"Ulirudi na basi gani?"

Amiri aligeukia magunia ya mahindi.

"Ufunguo wa kafe uko wapi?"

Aliutoa mfukoni, akauweka sakafuni kati yao. Nikodemo aliuchukua kwa leso.

"Tumeipata picha yako. Imesomwa mstari kwa mstari. Nimeongea na mjomba wako Suleiman. Sasa nina swali moja, ukitaka ujibu, ukitaka uache." Paskalia alimwekea karatasi ya tanzia mbele. "Kwa nini hukumtaja mama yako?"

Amiri aliitazama karatasi. Mabega yake yalianza kupanda na kushuka, bila sauti, kama mtu aliyepaliwa.

"Sikutaka asikie jina lake redioni," alisema mwishowe. "Tangazo lilikuwa la saa mbili usiku! Kila siku ni saa mbili usiku! Nililala kwenye kafe usiku mara mbili, Jumanne mchana nikajificha, na Jumatano nilijua Bi Mwantum hafungui. Nilipanga nimalize, nije hapa mchana, nimkalishe, nimwambie. Mama, usiku utasikia jina langu. Lia kama watu wanavyolia, lakini mimi nipo. Halafu nikadandie lori Msalato, niende zangu Arusha. Nilikuwa nakuja kumwambia, afande. Nilikuwa njiani!"

"Ulisikia wapi?"

"Kinyozi pale kona. Nilikuwa napita nikasikia Bi Sikudhani anasema marehemu Mzee Bakari Mrisho. Halafu nikakimbia. Toka pale mpaka hapa ni nyumba tisa." Alionyesha nje kwa kidole. "Nyumba tisa. Nilimsikia jirani anapiga yowe kabla sijafika."

Nikodemo aligeuza uso ukutani. Paskalia aliendelea kuandika, kalamu ikikwaruza. Alipofika mwisho wa mstari hakuinua kichwa.

"Yote hayo ili usisimame Jumatatu."

"Naiona ile pikipiki kila nikifumba macho. Ningesimama mbele ya baba yake niseme nini?"

"Na Abdulnasiri? Jana ulimwona anapitishwa hapa na pingu. Watu wakamtemea mate."

"Nilijua mtamwachia. Hana kosa. Nilijisemea hana kosa, watamwachia."

"Saa tisa anapelekwa kwa hakimu."

Amiri alifunika uso. Paskalia alimsomea maelezo yote, neno kwa neno, akampa kalamu. Alisaini kila ukurasa. Kisha inspekta akapiga simu kituoni, akaongea na mkuu wa upelelezi kwa ufupi. Aliposema, "Ni mwanawe, mkuu," mkuu alimtaka arudie mara mbili. Ndipo ikaja amri: Abdulnasiri atolewe, apewe chakula, arudishwe kwao kwa gari.

Nikodemo alikuwa ameshatoa pingu wakati mlango uliposukumwa kutoka nje. Ilibidi asogee. Aliingia Salwa, dada mkubwa wa Amiri, na sinia la kahawa na kashata. Kanga nyeusi ilikuwa imefungwa kiunoni kwa fundo la kazi. Tangu Jumatano alikuwa hajakaa.

"Karibuni kahawa. Poleni kwa kuwekwa kwenye mkaa, nyumba imejaa." Alimtazama Paskalia. "Afande, wanaume huko nje wanataka kuanza kisomo, wananiuliza. Mmempata aliyetuulia mama?"

Paskalia alifumbua mdomo. Amiri aliinuka kabla yake.

"Wamempata, dada," alisema. "Ni mimi."

Salwa alimwangalia, akamwangalia inspekta, akaangalia pingu mkononi mwa Nikodemo. Hakupiga kelele. Aliliweka sinia juu ya gunia la mahindi, akalisawazisha lisimwagike. Alirudi mlangoni akaufunga na kuutia komeo, ili wasomaji wa nje wasisikie. Kisha akaketi sakafuni, mbele ya miguu ya mdogo wake, kanga akaivuta mpaka kwenye paji la uso.

"Kaa," alisema. "Niambie mimi kwanza."